Nani Mwenye Mstari Mwekundu?

Muhula huu, tulipokuwa tukijadili mipaka ya mali ya umma na mali ya mtu binafsi, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliinua kaseti ndogo nyeupe ya plastiki. Ilikuwa ile ya kupimia malaria. Alikuwa ametoka zahanati asubuhi ileile akaja nayo darasani. (Hakupaswa kutoka nayo, kwani ilikuwa na damu, na nilimweleza hivyo.) Akauliza: “Mwalimu, huu mstari mwekundu ni mali ya nani?”

Darasa lilicheka, nami nikajibu kwa haraka, kama walimu tunavyojibu tunapotaka kuendelea na mada. Nilipolitafakari jibu langu nyumbani, halikunipendeza. Makala haya ni jibu la pili, nalo ni refu zaidi, kwa sababu mstari ule una historia ya zaidi ya miaka sitini. Katika historia hiyo wamo watu waliogundua jambo kubwa bila kulimiliki, imo kampuni iliyokwenda mahakamani kudai umiliki wa kitu kilichojengwa juu ya yale waliyoyaacha wazi wenzao, na tumo sisi.

Tuanze na ugumu wenyewe, maana asiyeuelewa ugumu hataona thamani ya ugunduzi. Ugonjwa huacha alama katika damu, na mara nyingi alama hiyo ni protini: ama protini ya mwili wenyewe ambayo imezidi au imepungua, ama protini ngeni iliyoletwa na kimelea au kirusi. Shida ni kwamba damu imejaa protini nyingine. Lita moja ya utegili, yaani yale majimaji ya damu yanayobaki chembe zikiondolewa, ina gramu 40 hivi za protini moja tu iitwayo albumini. Katika lita hiyohiyo, insulini ya mtu aliyefunga kula usiku kucha haifiki hata sehemu moja ya milioni ya gramu. Kuitafuta ni sawa na kumtafuta mtu mmoja, usiyemjua sura, katika umati wa watu milioni mia moja.

Kabla ya miaka ya 1950 kuisha, mbinu za kawaida za kemia hazikuweza kuipata. Watafiti walitegemea wanyama: walichukua majimaji ya mgonjwa, wakayajaribu kwa sungura au kwa kipande cha msuli wa panya, wakakadiria wingi wa homoni kutokana na mabadiliko ya sukari. Kazi ilikuwa ndefu na ya gharama, na majibu yake hayakutosha kumsaidia daktari aliye mbele ya mgonjwa.

Mlango ulifunguliwa katika hospitali ya serikali. Ilikuwa hospitali ya wanajeshi wastaafu huko Bronx, katika jiji la New York, mahali ambapo hapakuwa na sifa ya chuo kikuu mashuhuri wala fedha za kampuni ya dawa. Waliofanya kazi hiyo walikuwa waajiriwa wa umma wawili, Rosalyn Yalow na Solomon Berson.

Rosalyn Sussman, kama alivyoitwa kabla ya kuolewa, alizaliwa tarehe 19 Julai 1921 kwa wazazi ambao hakuna hata mmoja wao aliyesoma sekondari. Alisoma fizikia Hunter College, chuo cha wanawake kilichogharimiwa na jiji, ambako wanafunzi hawakulipa ada. Naomba msomaji aukumbuke ukweli huo mdogo kila anapomsikia mtu akisema kwamba elimu ya bure haizalishi kitu. Alipomaliza mwaka 1941 alikuwa na kasoro mbili machoni pa vyuo vya wakati ule: alikuwa mwanamke, na alikuwa Myahudi. Akashauriwa aingie chuo kikuu kwa mlango wa nyuma, awe katibu muhtasi wa profesa mmoja wa kemia ya viumbe na ajifunze hatimkato. Kisha usajili wa lazima wa jeshini ukaanza kuwachukua wavulana, nafasi zikabaki wazi, na Chuo Kikuu cha Illinois kikampa kazi ya ualimu msaidizi wa fizikia. Alivirarua vitabu vya hatimkato. Huko Illinois alijikuta mwanamke pekee miongoni mwa walimu na wasaidizi wapatao 400 wa kitivo chake. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1945.

Mwaka 1947 hospitali ya Bronx ilimwajiri kwa muda kuanzisha huduma ya isotopu, yaani vile vitu vinavyotoa mionzi ambavyo vita vilikuwa vimevifanya vipatikane kwa wingi. Maabara yake ya kwanza ilikuwa stoo ya mfagizi. Mwaka 1950 akajiunga naye Berson, daktari kijana ambaye, katika zama zile vyuo vingi vya Marekani vilipoweka ukomo wa idadi ya Wayahudi, alikuwa amekataliwa na vyuo 21 vya udaktari kabla ya kupokelewa kimoja. Mwanamke aliyeambiwa ajifunze hatimkato na mwanamume aliyekataliwa mara 21 wakakutana katika stoo ya mfagizi. Simsifu ubaguzi kwa kuwakutanisha. Najiuliza ni wangapi wengine aliowatawanya wasikutane kamwe.

Swali lao la mwanzo halikuhusu vipimo. Palikuwa na nadharia kwamba kisukari cha watu wazima husababishwa na insulini kuharibiwa upesi mno mwilini. Wakaibandika insulini alama ya iodini inayotoa mionzi, wakaidunga katika mshipa, kisha wakafuatilia inavyotoweka katika damu. Walitarajia itoweke haraka zaidi kwa wagonjwa. Ikawa kinyume. Kwa wagonjwa waliokuwa wamewahi kutibiwa kwa insulini, ilikawia. Jambo lililowafumbua macho ni kwamba ilikawia vilevile kwa watu wasio na kisukari kabisa, waliokuwa wamepewa insulini kama tiba ya ugonjwa wa akili, kama ilivyokuwa desturi ya hospitali za wakati ule. Kwa hiyo sababu haikuwa kisukari, ilikuwa dawa. Insulini ya ng'ombe na nguruwe iliyodungwa mwilini ilikuwa imeuzoesha mwili kutengeneza kingamwili dhidi yake, na kingamwili hizo ziliishika insulini zisiiachie.

Wakubwa wa fani hawakukubali. Ilifundishwa wakati ule kwamba insulini ni protini ndogo mno kuweza kuuchochea mwili utengeneze kingamwili. Jarida la Science liliikataa makala yao. La pili, Journal of Clinical Investigation, nalo lilikataa mwanzoni, kisha likakubali kuichapisha mwaka 1956 kwa sharti kwamba neno “kingamwili” litolewe katika kichwa cha habari. Waandishi wakakubali, wakaweka maneno ya kuzunguka. Yalow aliihifadhi barua ile ya kukataliwa, na miaka ishirini na mbili baadaye, katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel, aliionyesha hadharani. Wanafunzi wangu wa uzamili wanaolia kwa sababu ya wahakiki wa majarida nawaombea subira kama hiyo, ingawa si tabia ya upole.

Hapo ndipo walipopiga hatua iliyobadilisha tiba. Ikiwa kingamwili inaishika insulini kwa nguvu na kwa uteuzi namna hiyo, basi inaweza kuwa chombo cha kuipimia. Niieleze kwa mfano wa daladala. Chukua daladala yenye viti thelathini, nayo ndiyo kingamwili yetu. Pakia kituoni abiria thelathini uliowavisha kofia nyekundu: wote watakaa. Sasa waachie abiria wengine, wasio na kofia na ambao hujui idadi yao, wagombee viti hivyohivyo. Ukichungulia ndani na kuhesabu kofia nyekundu zilizopata viti, utajua wasio na kofia walikuwa wengi kiasi gani: kofia zikiwa chache, wao walikuwa wengi. Kofia nyekundu ni insulini yenye iodini. Wasio na kofia ni insulini ya mgonjwa. Na kuchungulia ni kupima mionzi. Kingamwili bora waliipata kwa kuwadunga simbilisi insulini. Mwaka 1960 walichapisha kipimo kamili cha insulini katika damu ya binadamu.

Matokeo ya kwanza yalivunja nadharia iliyowaingiza katika utafiti. Wengi wa wenye kisukari cha utu uzima hawakuwa wamepungukiwa na insulini. Walikuwa nayo tele, ila miili yao haikuitii. Kila anayeambiwa leo kwamba ana kisukari cha aina ya pili anaambiwa jambo ambalo halikuweza kuonekana kabla ya kipimo hicho. Baada ya insulini zikafuata homoni ya ukuaji, homoni zinazoongoza tezi ya shingo, na nyingine nyingi. Mwaka 1970 Yalow na Berson, pamoja na mwenzao Walsh, waliitumia mbinu hiyohiyo kuitafuta protini ya kirusi cha homa ya ini aina ya B katika damu, na muda si mrefu mbinu hiyo ikaingia katika benki za damu kuzuia mgonjwa asiongezewe damu yenye maradhi.

Hawakuisajili mbinu hiyo kwa hataza. Hataza, kwa asiyekutana na neno hili, ni haki ya kisheria ya kumzuia mwingine asitumie ubunifu wako kwa muda uliowekwa. Walichapisha kila hatua, wakawapokea katika maabara yao watafiti waliotaka kujifunza, na kampuni zilizotengeneza vifaa vya kuuza zilipata fedha nyingi bila kuwalipa chochote. Yalow alikuwa na mtazamo kwamba hataza huwekwa ili kuwazuia watu wasipate kitu, mtu mwingine apate fedha. Tusiwafanye malaika. Walikuwa watumishi wa serikali wenye mshahara, katika zama ambazo wanasayansi wengi hawakuona hospitali ya umma kuwa mahali pa kutafutia utajiri. Lakini desturi nayo ni kitu cha kihistoria: huwepo kwa sababu watu wanaishi kwayo, na huweza kuondolewa.

Berson alifariki ghafla Aprili 1972, akiwa na umri wa miaka 53. Tuzo ya Nobel haitolewi kwa marehemu, hivyo mwaka 1977 Yalow aliipokea nusu yake bila mwenzake, na nusu nyingine wakapewa Roger Guillemin na Andrew Schally. Alikuwa mwanamke wa pili kuipata tuzo ya tiba. Alikuwa ameipa maabara yao jina la Berson, ili kila makala itakayotoka humo iwe na jina lake.

Mbinu ya mionzi ilikuwa na kasoro kubwa kwa nchi kama zetu. Iodini waliyoanza nayo hupoteza nusu ya mionzi yake kila baada ya siku 8; shehena inayokwama bandarini inakufa ikiwa ndani ya boksi. Iliyotumika baadaye hudumu zaidi, nusu yake kwa siku 60, lakini bado ilihitaji mashine ya kuhesabia mionzi, kibali na mahali pa kutupa mabaki. Mwaka 1971 makundi mawili, bila kushirikiana, yaliiondoa mionzi na kuweka mahali pake kimeng'enya kinachobadilisha rangi ya majimaji: Eva Engvall na Peter Perlmann katika Chuo Kikuu cha Stockholm, na Bauke van Weemen na Anton Schuurs katika kampuni ya Organon nchini Uholanzi. Kampuni ilisajili hataza. Kutoka hapo ndipo ilipotoka ELISA, ambayo kila mwanafunzi wa maabara anaijua, na ambayo kizazi changu tuliijua zaidi kama jina la kipimo cha Ukimwi. Ilipofika 1974, Alister Voller na wenzake wa London walikuwa wameihamishia kwenye sahani ya vishimo, wakaitumia kwa malaria.

Ilibaki shida ya kingamwili zenyewe. Simbilisi mmoja hutoa kingamwili za namna nyingi zilizochanganyika, na akifa, kingamwili zake hazipatikani tena. Wa pili hatakupa zilezile. Kiwanda hakiwezi kusimama juu ya mnyama mmoja.

Aliyelitatua jambo hilo alikuwa mkimbizi wa kisiasa kwa maana pana ya neno hilo. César Milstein alikuwa Mwajentina, mzaliwa wa Bahía Blanca, aliyekuwa akiongoza idara katika taasisi ya utafiti ya taifa mjini Buenos Aires. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya 1962, wafanyakazi wa taasisi hiyo walifukuzwa, wakiwemo wa idara yake. Alijiuzulu kwa kupinga, akarudi Cambridge, katika maabara ya Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Huko, mwaka 1975, yeye na Mjerumani Georges Köhler waliunganisha seli ya bandama ya panya, inayotengeneza kingamwili ya aina moja, na seli ya saratani, isiyojua kufa. Seli iliyozaliwa ilirithi yote mawili: kingamwili moja, bila kikomo. Ukiigandisha leo na kuiyeyusha baada ya miaka thelathini, inakupa kingamwili ileile.

Hawakupata hataza, na safari hii si kwa falsafa tu. Baraza liliarifu shirika la serikali lililokuwa na wajibu wa kusajili ubunifu wa umma, na shirika hilo lilijibu kwamba halioni matumizi ya haraka ya kibiashara. Milstein aliendelea kuwagawia seli watafiti walioziomba, bila malipo. Miongoni mwa waliopata seli hizo walikuwa watafiti wa Wistar Institute huko Philadelphia, ambao mwaka 1979 na 1980 walipata hataza za Marekani juu ya kingamwili walizozitengeneza kwa mbinu yake. Uingereza ya Margaret Thatcher ilikasirika. Kilichoikasirisha, kwa bahati mbaya, ni kwamba haikuwa ya kwanza kuweka uzio. Kwamba uzio wenyewe ulikuwa umewekwa ni jambo ambalo halikuisumbua.

Mwaka 1980 ni mwaka wa kukumbukwa katika historia hii. Mwezi Juni Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kiumbe hai kilichobuniwa maabara kinaweza kuwekewa hataza. Mwezi Desemba sheria ya Bayh-Dole iliviruhusu vyuo vikuu kumiliki ubunifu uliopatikana kwa fedha za serikali. Kati ya miezi hiyo miwili, mwezi Agosti, kampuni changa ya San Diego iitwayo Hybritech, iliyoanzishwa miaka miwili kabla, iliomba hataza ya kipimo.

Kipimo chenyewe kilikuwa cha namna ya sandwichi. Kingamwili ya kwanza imebandikwa mahali na inainasa protini. Kingamwili ya pili, yenye alama, inaishika protini hiyo upande wa pili. Protini isipokuwepo, hakuna cha kuwaunganisha wawili hao, na alama huoshwa ikaondoka. Sandwichi ilikwishajulikana tangu miaka ya 1960 kwa kingamwili za wanyama. Kingamwili za seli zilikwishajulikana tangu 1975. Hybritech ilidai kwamba kuviweka viwili hivyo pamoja, kwa kingamwili zenye nguvu ya kushika isiyopungua kiwango fulani, ni ubunifu wake. Ilipewa hataza hiyo Machi 1983, na mwaka uliofuata ikaishtaki kampuni nyingine ya California iliyouza vipimo vya namna hiyo.

Mahakama ya kwanza iliifuta hataza mwaka 1985: mtu yeyote wa fani, ilisema, angeliona jambo hilo mara tu baada ya Köhler na Milstein. Mwaka 1986 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ikapindua hukumu. Moja ya mambo iliyoyapa uzito ni kwamba vipimo vya Hybritech vilikuwa vimenunuliwa sana. Nimeisoma hoja hiyo mara kadhaa na bado inanishangaza: soko likawa shahidi wa akili. Mwaka huohuo kampuni ya dawa ya Eli Lilly, iliyokuwa imeuza insulini tangu miaka ya 1920, iliimiliki Hybritech kwa mamia ya mamilioni ya dola. Kwa kipindi kirefu kilichofuata, aliyetaka kutengeneza kipimo cha namna hiyo kwa soko la Marekani alilazimika kupiga hodi mlangoni pake. Hataza hiyo ilifikia ukomo wake mwaka 2000.

Sasa turudi kwenye kaseti ya mwanafunzi wangu, kwa kuwa kaseti ile ni sandwichi. Ukidondosha tone la damu na majimaji yake, damu hutambaa katika karatasi na kukutana na kingamwili iliyobandikwa kwenye chembe ndogo mno za dhahabu. Protini ya kimelea ikiwepo, inashikwa. Msafara unaendelea hadi kwenye mstari ambako kingamwili nyingine imesubiri, na hapo dhahabu inarundikana. Wekundu ule, basi, si wa damu. Ni wa dhahabu, ambayo ikisagwa kwa udogo ule huwa nyekundu. Sina hakika kama watu wa Geita wamewahi kuambiwa.

Protini inayotafutwa katika vipimo vingi vinavyotumika Afrika inaitwa HRP2, na hutolewa na kimelea cha malaria kali, *Plasmodium falciparum*. Vipimo vya mwanzo vya kuitafuta vilijaribiwa kwetu. Mwaka 1993 na 1994 watafiti wa Muhimbili, Zulfiqar Premji na Japhet Minjas, pamoja na Clive Shiff, walichapisha matokeo ya majaribio yao nchini Tanzania, na walionyesha kwamba wahudumu wa afya wa vijijini, si wataalamu wa maabara, waliweza kukitumia kipimo hicho. Kenya nayo ilikuwa mahali pa majaribio katika miaka hiyohiyo. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, na kaseti zikaanza kumiminika. Kwa hiyo maarifa ya kuonyesha kwamba kipimo kinafaa kijijini yalitoka kwetu kwa sehemu kubwa. Kiwanda hakikutoka kwetu.

Hasara ya hali hiyo haikuonekana mpaka kimelea kilipobadilika. Mwaka 2010 watafiti waliripoti kutoka Peru kuwa baadhi ya vimelea vimepoteza jeni ya HRP2. Kimelea kama hicho kinaugua mtu vilevile, ila hakitoi protini inayotafutwa. Mstari hautokei, na mgonjwa anaambiwa hana malaria. Kisha ikatokea Eritrea, kwa kiwango kilichoilazimu serikali kuacha mwaka 2016 kutegemea vipimo vya HRP2 pekee. Ethiopia na Djibouti zikafuata kuripoti tatizo hilo. Shirika la Afya Duniani sasa linashauri nchi ibadilishe kipimo pale ambapo zaidi ya asilimia 5 ya wagonjwa wanakosa kutambuliwa kwa sababu hiyo. Lakini kubadilisha kwenda kwa nani? Vipimo vinavyotafuta protini nyingine vipo, navyo ni vichache zaidi sokoni, na nchi isiyotengeneza husubiri zamu yake kwa anayetengeneza.

Hapa ndipo wengi wetu tungependa kuhitimisha kwa kuilaani hataza, na mwanafunzi wangu nadhani alitarajia hivyo. Historia hainiruhusu. Mbinu ya Yalow na Berson haikuwahi kuwa na hataza. Ya Milstein haikuwa nayo. Ile ya Hybritech ilikufa mwaka 2000. Nchi zilizo katika orodha ya zenye maendeleo duni, zikiwemo Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, hazilazimiki kutekeleza sehemu kubwa ya mkataba wa haki miliki wa Shirika la Biashara Duniani hadi Julai 2034. Uzio uliotuzuia mwanzoni umeanguka sehemu nyingi, nasi bado tumesimama palepale ulipokuwa.

Wala si kweli kwamba hatuwezi. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, ilitengeneza Nairobi kipimo chake cha homa ya ini aina ya B, HEPCELL, kwa msaada wa Japani, na katika miaka ya 1990 kilikuwa kikitumika kuchunguza damu. Ni mbinu ya unyenyekevu: chembe nyekundu za damu hupakwa kingamwili, na zikikutana na protini ya kirusi hushikamana kwa namna inayoonekana kwa macho, bila mashine. Waliokibuni walijua umeme wetu ulivyo. Ninapowatajia wanafunzi kipimo hicho, hakuna anayekijua, hata miongoni mwa Wakenya. Kila mmoja anajua majina matatu ya kampuni za nje.

Kinachohitajika leo si siri ya kisayansi. Ni seli zilizogandishwa na kutunzwa kwa umeme usiokatika, mafundi wanaolipwa kwa ratiba bila kusubiri mfadhili, na serikali iliyo tayari kununua kwa mtengenezaji wa ndani hata kama shehena ya kwanza itakuwa ghali kidogo kuliko ya nje. Yalow alisomeshwa na jiji lake, akaajiriwa na serikali yake, akapewa stoo. Ilikuwa stoo ndogo, lakini bajeti yake ilikuwa ya umma na haikukatwa kabla ya kazi kuzaa.

Wapo miongoni mwa wasomaji wangu watumishi wanaokaa katika kamati za zabuni za bohari za dawa. Mtakapoletewa tena zabuni ya vipimo vya malaria, pamoja na bei na muda wa kuharibika, mwulizeni muuzaji maswali ambayo fomu haina nafasi yake: kipimo kinatafuta protini gani, kingamwili zake zimetoka kwenye seli za nani, seli hizo zimehifadhiwa wapi, na kama yuko tayari kuweka akiba ya seli hizo katika maabara ya taifa. Atakayesema hapana ataandikwa kwenye muhtasari wa kikao kwamba alisema hapana, na muhtasari huo ni waraka wa umma.